Barua ya wazi kwa Balozi wa Umoja wa Ulaya: Shamba la ukoo nalo ni ushahidi

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Umoja wa Ulaya nchini Tanzania,
Dar es Salaam.

Nakala: Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Dodoma.

YAH: NYARAKA ZA VIZA YA BIASHARA YA MUDA MFUPI KWA WAKULIMA WA VIUNGO WA ULUGURU

Mheshimiwa Balozi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua ofisi yako haigongi muhuri wa viza. Kila nchi mwanachama hutoa yake, na mwombaji aliyekataliwa hana la kukudai wewe. Lakini Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, inazitaka balozi za nchi za Schengen zishirikiane na ofisi yako kupanga orodha ya pamoja ya nyaraka zinazodaiwa kwa waombaji wa hapa, kwa kuzingatia hali ya mahali. Nakuandikia kuhusu orodha hiyo. Kwa jinsi tunavyoiona ikitumika, hali ya mahali petu haimo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viungo upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ule unaopokea upepo wa bahari na mvua zake. Tunalima pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki; wachache wameanza vanila. Ukatibu wenyewe ni kuandika daftari la mizani, kusoma barua za Kiingereza na, mtu akipata mwaliko wa nje, kukaa naye mezani kujaza fomu. Hapo ndipo nilipoijua viza hii ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80, na kabla ya Februari 2020 ilikuwa 60. Ukikataliwa hairudi. Kuna bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, alama za vidole, mwaliko wa kampuni, taarifa za benki, barua ya mwajiri au uthibitisho wa biashara, na ushahidi kwamba una sababu ya kurudi kwenu. Na kabla ya yote hayo kuna pasipoti ya shilingi 150,000, ambayo kwa mtu wa makamo aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji huanza kwa kuhangaikia cheti cha kuzaliwa.

Sina ugomvi na ada wala bima. Mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza mgeni anakotoka. Ugomvi wangu ni pale swali linapoulizwa kwa namna ambayo jibu la kweli halipokelewi.

Mwenyekiti wetu ni mwanamke. Mnunuzi wa Ulaya, ambaye pilipili manga yetu ilikuwa ikimfikia kwa kupita mikononi mwa madalali, alimwalika aende akaone jinsi mzigo unavyopangwa kwa madaraja, kisha wazungumze bei wenyewe kwa wenyewe. Ubalozi uliohusika sitautaja, kwa kuwa barua hii haimshitaki ofisa yeyote. Jibu lilikuja kwenye ile fomu ya kukataa, kisanduku kimewekwa alama: kuna shaka ya msingi kama ataondoka Ulaya kabla ya viza kwisha muda.

Shaka hiyo ilitoka wapi? Mimi niliyepanga faili lake nadhani ninajua.

Hana hati ya nyumba wala ya kiwanja. Kwa desturi yetu Waluguru, ardhi hupita upande wa mama. Shamba analolima ni la ukoo. Alikabidhiwa na wazee wa ukoo kama mama yake alivyokabidhiwa, na atakayelishika baada yake anajulikana. Ofisa anayetafuta karatasi yenye jina lake anaona mtu asiye na mali. Sisi tunaona mtu asiyeng'oka. Hati ya kiwanja mtu anaweza kuiuza kwa dalali pale Msamvu mjini wiki moja kabla ya kupanda ndege, na pesa akaondoka nazo. Ardhi ya ukoo haina mtu wa kuiuza hivyo.

Halafu taarifa ya benki. Yake ilionyesha miezi mikavu, kisha fedha nyingi kwa siku moja, kisha miezi mikavu tena. Naelewa kwamba ofisa wa viza huzitilia mashaka fedha zinazoingia ghafla, kwa sababu wapo wanaokopa ili akaunti ionekane imenona siku ya maombi. Lakini kwa mkulima wa viungo fedha haziji kwa njia nyingine. Mzigo ukiuzwa zinaingia. Kabla ya mwezi kwisha zimelipa vibarua wa kuchuma, ada za shule na mkopo wa VICOBA, na zilizobaki zimo kwenye simu. Anayetaka kuujua mwenendo wa fedha za kijiji chetu aombe taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Hiyo haidanganyi hata bei ya chumvi.

Na mazao yenyewe, Mheshimiwa, ndiyo ushahidi ambao fomu haina mahali pa kuuandika. Mkarafuu unataka miaka sita au saba, pengine zaidi, kabla ya kuanza kutoa, kisha unazaa kwa miongo. Ua la vanila hufunguka mara moja tu, asubuhi, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Ni lazima mtu alishike kwa mkono siku hiyo hiyo. Asipokuwapo, hakuna tunda. Sijui mshahara gani wa mwisho wa mwezi unamfunga mtu kwao kuliko huo.

Mahakama ya Haki ya Umoja wenu yenyewe, katika kesi ya Koushkaki ya Desemba 2013, ilieleza kwamba ubalozi hauhitaji kuwa na hakika kwamba mwombaji ataondoka. Unatakiwa kupima kama kuna shaka ya msingi, ukiangalia hali ya nchi yake na hali yake mwenyewe. Hali yake mwenyewe ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Ulaya inamjua mama huyu vizuri sana, ila kwa karatasi nyingine. Kanuni ya kilimo hai namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua vikundi vya wakulima wadogo: wanachama wasiozidi 2,000, na kipimo kimojawapo cha udogo wao ni shamba lisilozidi hekta tano. Inadai kikundi kiwe na usajili wa kisheria, orodha ya wanachama, mashamba yanayojulikana yalipo na ukaguzi wa kila mwaka. Mkaguzi hupanda mlima kwa bodaboda akahesabu mashina na kuandika kila kitu. Kwa karatasi hiyo, mtu mwenye ekari mbili chini ya miti ya kivuli ni mfanyabiashara halali anayeweza, kupitia kikundi chake, kuuza Ulaya nzima. Anapotaka kuufuata mzigo wake kwa siku kumi, anaulizwa hati ya mshahara.

Kanuni yenye nia njema isiyoujua mlima tumewahi kuiona. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini nguvu kazi ya kaya haikupigiwa hesabu, wala udongo wa miteremko ile, na mwaka 1955 mambo yakaishia kwa ghasia huko Matombo, mpango ukaachwa. Viza haijafikia huko, wala sitishii.

Ninaloomba ni dogo. Katika kikao chenu cha ushirikiano wa balozi, ingizeni kwenye orodha hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na pale ambapo haijatolewa, barua ya wazee wa ukoo iliyothibitishwa na mtendaji wa kijiji. Pokeeni daftari la mauzo la ushirika na taarifa ya fedha za simu pamoja na ya benki. Mtu ambaye jina lake limo kwenye cheti cha kilimo hai mnachokitambua wenyewe, hesabuni kwamba biashara yake imekwisha kuthibitishwa. Na orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili, tusiilipie kwa mawakala wa mjini.

Hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu makosa ya mwanzo ni magumu kurekebisha. Ujerumani, kwa mfano, tangu Julai 2025 imefuta njia ya kumwandikia pingamizi ubalozi ule ule uliokukatalia. Iliyobaki ni kulipa na kuomba upya, au kufungua kesi Berlin. Mkulima wa Tawa, huku kwetu mlimani, afungue kesi Berlin!

Kwa Mheshimiwa Waziri: nakala hii sikuiweka kwa adabu tu. Diplomasia ya uchumi tunaisikia tangu Sera ya Mambo ya Nje ya 2001, na suala hili lingefaa kuwa kwenye meza yako kila unapokutana na mabalozi hawa. Lakini viza ya biashara ya kuingia Tanzania ni dola 250, zaidi ya mara mbili ya ada ya Schengen niliyoitaja hapo juu, wakati viza ya kawaida ni dola 50. Sitashangaa mnunuzi mdogo akijieleza uwanja wa ndege kuwa ni mtalii wa Mikumi, kisha tukamwona huku kwetu Kinole akionja pilipili manga. Tukiwaambia wenzetu walegeze, watatuuliza na letu.

Mheshimiwa Balozi, maonyesho ya bidhaa za kilimo hai ya Biofach hufanyika Nuremberg, Ujerumani, kila Februari, na maombi ya viza hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Tungependa orodha mpya iwe mkononi mwetu ifikapo Agosti, kabla mvua za vuli hazijaharibu barabara ya kutufikisha mjini.

Wako mtiifu,

Katibu, kikundi cha wakulima wa viungo,
Uluguru Mashariki, Morogoro.