Pima Kwanza, Uuze Baadaye

Ndugu zangu wa Kapsokwony, mji wetu unapanuka. Mwalimu aliyehamishiwa huku, muuguzi, karani, kijana aliyefungua duka la simu, wote wanatafuta chumba cha kupanga. Vyumba vikiwa haba, kodi hupanda. Saruji nayo hupandishwa mlimani kwa lori, na nauli yake humwangukia mpangaji.

Ndiyo maana mashamba ya kando ya mji yanakatwa ploti. Hilo si baya. Tatizo ni jinsi tunavyokata. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 inakula 5,000, kwa hiyo zinatoka nane na kipande. Ukipitisha barabara ya futi 30, zinabaki saba. Tamaa ya ile ya nane imewaponza wengi: nyumba zimejengwa, zimejaa watu, kisha mama mjamzito anabebwa mikononi hadi barabarani kwa kuwa gari haliwezi kuingia. Na kwenye mteremko, choo cha shimo cha jirani wa juu ni hatari kwa kisima cha jirani wa chini.

Serikali ina wajibu wake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Tangu sheria ya mwaka 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu wa shilingi 40,000 anatoa 600 kila mwezi. Ana haki ya kuuliza mlimani kutajengwa nini.

Basi tuulize mahali panaposikika. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la Bungoma kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo, wananchi hutakiwa kutoa maoni. Ukisikia tangazo la kikao, nenda, na usiishie kusema tunataka nyumba. Taja barabara za ndani, maji, na vyumba ambavyo mtu wa kipato kidogo ataweza kuvilipia.

Nanyi wazee wetu wenye mashamba, nawaomba kwa heshima: mwiteni mpima kabla hamjapokea pesa ya mnunuzi, na barabara iingie kwenye ramani siku hiyo hiyo.