Kituruki Kinasingiziwa Vurugu

Kituruki kinasingiziwa mengi. Husemwa kwamba viambishi vyake havihesabiki, kwamba leo utajifunza -de na kesho utakuta -da, -te na -ta. Vyote vinne ni kiambishi kimoja cha mahali. Irabu yake huifuata irabu ya mwisho ya neno: evde ni nyumbani, okulda ni shuleni. Penye konsonanti sighuna d hugeuka t, ndipo tukapata kitapta, kitabuni. Sisi tunaosema fikia lakini somea hatuna haki ya kulishangaa jambo hili.

Wengine hudai kwamba kila yambwa lazima ipachikwe kiambishi. Sivyo. Kitap okudum ni nilisoma kitabu, chochote kile. Kitabı okudum ni kitabu kinachojulikana na msemaji na msikilizaji.

Umilikaji nao haufanani na "ya" yetu. Katika Ali'nin evi, nyumba ya Ali, mwenye mali na mali yenyewe vyote huwekewa alama. Ukiiondoa ya kwanza, maana hubadilika: çocuğun odası ni chumba cha mtoto fulani, çocuk odası ni aina ya chumba, chumba cha watoto.

Shutuma nzito zaidi ni hii: evi ni "nyumba" iliyo yambwa, na pia ni "nyumba yake", basi watu wataelewanaje? Wanaouliza hivyo wameitenga evi na sentensi yake. Evi satıldı ni nyumba yake iliuzwa, kwa kuwa hapo ni kiima. Evi gördüm ni niliiona nyumba, wala haiwezi kuwa nyumba yake. Kiambishi cha uhusika, kama kile cha yambwa au cha mahali, hukaa baada ya kile cha umiliki, kama katika evlerimizde, katika nyumba zetu. Na baada ya umiliki wa nafsi ya tatu huingia n. Kwa hiyo niliiona nyumba yake ni evini gördüm.

Utata wa kweli uko hapo, maana evini ni yake au yako, na evinde vilevile. Ikibidi, Mturuki hutanguliza onun, yaani yake, au senin, yako. Hata hivyo utata huo huyakumba maneno yanayoishia kwa konsonanti. Araba, gari, huishia kwa irabu: arabanda ni garini mwako, arabasında ni garini mwake.