Kibodi Ndogo Si Kibodi Pungufu

Tangu muhula uliopita kumekuwa na maneno mengi katika chumba cha kompyuta juu ya zile kibodi tatu ndogo zilizonunuliwa na chama chetu. Wengine wamesema ni vitu vya kuchezea watoto. Wengine wamesema muuzaji alitupunja, akatupa nusu ya kibodi kwa bei ya nzima. Sasa imepatikana fedha ya kununua nyingine sita badala ya zile kubwa zilizochakaa, na Ijumaa ijayo wanachama watapiga kura. Mimi ndimi niliyezichagua zile tatu, nami ndimi niliyezipanga, tena nikazipanga vibaya mara mbili. Kwa hiyo namwomba Mhariri anipe nafasi niseme kwa nini naona tununue ndogo.

Kwanza hesabu. Kibodi kubwa ya kawaida ina vitufe 104 au 105. Hizi zetu zina 61. Vilivyoondolewa ni safu ya F1 mpaka F12, mishale minne, Home na End na wenzao, na lile shamba la tarakimu lililo upande wa kulia. Mtu akisikia hivyo hudhani kompyuta imekatwa mikono. Lakini hebu tuulizane: katika vile 104, jana uligusa vingapi? Mimi nimekaa na Scroll Lock miaka mitatu, na sijapata kuituma kazi hata siku moja. Na meza zetu mnazijua, watu wawili meza moja, daftari halina pa kukaa. Mwenye kibodi ndogo huweka daftari lake kulia, wala mkono wake haumgongi jirani.

Tena wanaosema kwamba kibodi ndogo haifai kwa kompyuta za Linux, kama hizi zetu za Debian, wamegeuza mambo juu chini. Linux ni ya ukoo wa Unix, na Unix ilikulia katika kibodi ndogo. Bill Joy alipoandika programu ya vi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, alikuwa akitumia mashine iitwayo ADM-3A. Kibodi ya mashine hiyo haikuwa na mishale ya peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, na ndiyo sababu mpaka leo katika vi tunatembea kwa herufi hizo. Esc ilikuwa kando ya Q, karibu na kidole. Ctrl ilikuwa kando ya A. Na alama ya ~ ilikaa kitufe kimoja na neno Home, basi ndiyo maana mpaka leo ~ ni nyumbani kwa mtumiaji. Baadaye, mwaka 1996, kampuni ya PFU ya Japani ilianza kuuza kibodi ya vitufe 60 iliyobuniwa na Profesa Eiiti Wada, makusudi kwa watu wa Unix, nayo iliirudisha Ctrl mahali pake kando ya A. Watu hao hawakuwa wakicheza.

Walakini sitaki mtu anunue kwa kuangalia udogo tu. Jambo la kutazama ni alama. Unix haiwezi kufanya kazi bila | na ~ na \ na Esc na Ctrl. Hapo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza. Kompyuta zetu zilikuwa zimepangwa kwa kibodi ya Uingereza, nami nilinunua kibodi za mpangilio wa Marekani bila kufikiri. Siku ya kwanza mbele ya wanachama wote nikataka kuonyesha bomba, yaani ile alama | ipelekayo matokeo ya amri moja ndani ya amri nyingine. Nikabonyeza, ikatoka ~. Nikabonyeza bila Shift, ikatoka #. Katika mpangilio wa Uingereza, alama ya bomba hukaa kwenye kitufe kilicho kati ya Shift ya kushoto na Z, na kibodi ya Marekani kitufe hicho haina kabisa! Watu walicheka mpaka kengele ikalia. Kumbe dawa ilikuwa maneno mawili tu:

setxkbmap us

Kibodi yenyewe haikuwa na kosa lolote. Kompyuta haioni kilichochapwa juu ya kitufe. Huletewa namba ya kitufe, kisha hutazama katika orodha yake namba hiyo maana yake nini. Orodha ikiwa ya nchi nyingine, utaandika mambo ya nchi nyingine. Ila kitufe kiitwacho Fn kwa kawaida hakifiki kwenye kompyuta, kazi yake huishia ndani ya kibodi. Basi kabla ya kulipa hakikisha kwamba alama za Fn zimechapwa na unazielewa. Katika hizi zetu, ~ huhitaji Fn na Shift na Esc kwa pamoja, na hilo nakiri ni udhia. Mimi huandika cd peke yake, nayo hunirudisha nyumbani bila ~ yoyote.

Mishale je? Hapa ndipo wengi wanaponuna. Lakini katika dirisha la amri, Ctrl na P huleta amri iliyopita, Ctrl na N huleta ifuatayo, Ctrl na A hukupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl na E mwisho. Hata Esc waweza kuipata kwa Ctrl na [. Nilipoelezwa sababu yake nilifurahi kama niliyeokota shilingi: kila alama ina namba yake, [ ni 91 na Esc ni 27, na Ctrl kazi yake ni kupunguza 64. Fanya hesabu mwenyewe. Basi kitufe kinachostahili mahali pazuri ni Ctrl, na mahali pazuri pamekaliwa na Caps Lock, mpangaji asiyelipa kodi. Nikamtoa.

Kumtoa ni rahisi, na hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilifungua faili /etc/default/keyboard nikaandika humo XKBOPTIONS="ctrl:nocaps", kisha nikaizima kompyuta na kuiwasha. Kwangu mimi ilikuwa raha. Lakini faili hilo ni la kila mtu atumiaye mashine hiyo, na msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na neno la siri lenye herufi kubwa, naye tangu shule ya msingi alizoea kuzitoa kwa Caps Lock. Akaandika neno lake, likakataliwa. Akaandika tena. Alikaa pale tangu chakula cha mchana mpaka jioni akidhani amefukuzwa katika kompyuta, akaona haya kuuliza, na kazi yake ya jiografia iliyokuwa ndani haikufika kwa mwalimu. Akapewa sifuri. Niliposikia nilikwenda kukiri. Mwalimu alimwongezea siku moja, na mimi nikafagia chumba cha kompyuta wiki mbili, na ilikuwa haki.

Basi sasa nasema hivi: katika mashine ya watu wengi, kila mtu na ajipangie katika nyumba yake. Kwetu hufanywa katika faili liitwalo .xsessionrc, kwa mstari mmoja:

setxkbmap -option ctrl:nocaps -option compose:ralt

Ukiingia wewe, vitufe vinakuwa vyako. Ukitoka, jirani anakuta vya kawaida. (Katika dawati mpya zitumiazo Wayland amri hii haifai, huko hufanywa katika ukurasa wa mipangilio.)

Ile nusu ya pili ya mstari ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Katika gazeti letu kuna ukurasa wa Kiganda, nao kila toleo hutoka na makosa yale yale. Kiganda kina herufi ŋ, iliyokubaliwa katika tahajia ya mwaka 1947. Lakini kwetu ngoma, ambayo Waganda huiandika eŋŋoma, imechapwa kwa ng', kwa nn, na toleo moja kwa alama ya kuuliza. Tukiuliza, tunaambiwa kibodi haina herufi hiyo. Ni kweli haina. Ile kubwa ya vitufe 104 haina, na hii ndogo ya vitufe 61 haina. Lakini kwa mstari ule, Alt ya kulia inakuwa kitufe cha kuunganisha: uibonyeze na kuiachia, uandike n, kisha g, na ŋ inatoka. Ukitaka kubwa, N kisha G. Vitufe 43 vya ziada havikumsaidia Mganda yeyote kuandika lugha ya mama yake, na mstari mmoja umemsaidia.

Sisemi shule nzima ibadilishe. Karani wa ada anaandika tarakimu kutwa, aachiwe shamba lake la tarakimu, na wanaojifunza hesabu za biashara waachiwe kibodi mbili kubwa zilizo nzima. Tena nimesikia kilio cha wadogo juu ya mishale, nami nimelegea: ziko kibodi za vitufe kama 68, ndogo vile vile, zenye mishale minne pembeni. Kwa hizi sita nitapiga kura zinunuliwe za namna hiyo, zote za mpangilio mmoja, na orodha ya mashine ibadilishwe siku ile ile zitakapofika, kabla mtu hajaketi.

Mkutano ni saa kumi, baada ya michezo. Nitaleta moja ya zile tatu na kuichomeka katika mashine ya dirishani. Yule msichana wa kidato cha pili amekubali kuja kuionyesha. Amekwisha kuiandika kurasa nne za ukurasa wa Kiganda wa toleo hili, na herufi zote zimo.