Nyara za Nani?

Uwindaji hauanzi porini. Huanza nyumbani, katika nia ya mtu na katika maneno ayatumiayo kuieleza nia hiyo. Mwenye maneno mabaya huenda na nia mbaya, hata awe na silaha nzuri namna gani.

Likizo iliyopita alinijia mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Bariadi kama mimi, akaniambia, "Mwalimu, kiangazi hiki nataka kwenda kuwinda swala kwa mara ya kwanza. Babu yangu alikuwa mwindaji. Mimi sijapata kushika hata upinde." Nikamwuliza amejiandaa vipi. Akanijibu kuwa anaye rafiki mwenye pikipiki na tochi kali, na kwamba wamekwisha pata waya. Nilistuka. Kijana huyo si mwovu, bali ni mwema na mwenye akili. Lakini katika jawabu lake hakikuwamo hata kitu kimoja cha babu yake.

Yapo makundi mawili yanayompotosha kijana huyu, nami nakusudia kugombana nayo yote mawili.

Kundi la kwanza husema kwamba kila mwanakijiji aonekanaye porini na silaha ni jangili. Watu hawa wana historia upande wao. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1896, iliyotolewa na Wissmann, ilimtaka mwindaji awe na kibali chenye ada. Waingereza wakafuata na sheria yao ya mwaka 1921, na sisi, baada ya kujitawala, tukatunga ya mwaka 1974, kisha ya mwaka 2009. Katika sheria hizi zetu, mnyama aliyeuawa, pamoja na nyama yake, ngozi yake na pembe zake, huitwa "nyara ya serikali". Mtu akikutwa na nyara hiyo bila kibali aweza kufungwa miaka 20 au zaidi.

Sikatai kwamba sheria yapasa kuwapo. Nakataa neno. Nyara kwa Kiswahili ni mali iliyotwaliwa vitani. Kuteka nyara ni kazi ya jeshi, na leo ni kazi ya maharamia. Je, Serikali ilipigana na nani hata nyumbu wa Meatu akawa nyara yake? Alishindwa nyumbu, au alishindwa Msukuma aliyekuwa jirani yake? Atasema mfasiri kwamba alifuata Kiingereza tu. Ni kweli, kwani neno la Kiingereza nalo lilitoka vitani: asili yake ni mnara wa ushindi ambao Wayunani waliusimamisha pale adui alipogeuka kukimbia. Mfasiri huyo alikuwa mwaminifu kwa kamusi, akasahau watu wake. Tena neno lililo bora lilikuwapo. Septemba 1961, mjini Arusha, Nyerere aliwanena wanyama wa pori kuwa ni dhamana tuliyoipokea kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Dhamana ina mwenyewe, ina mlinzi na ina mrithi. Nyara ina mshindi na mshindwa. Nani atalinda kwa moyo kitu ambacho jina lake lamkumbusha kwamba alishindwa?

Kundi la pili ni la wasomi wenzangu, nalo lanichukiza zaidi kwa kuwa hujivika vazi la mapenzi. Hawa husema, "Mwacha asili ni mtumwa. Sheria ni ya wageni. Kijana na aende akawinde kama babu zake." Maneno matamu! Lakini ni babu yupi aliyewinda kwa pikipiki na tochi? Usukumani uwindaji ulikuwa na vyama vyake: bayege waliowinda tembo, na banunguli waliowinda nungunungu. Mtu hakuingia humo kwa kutaka tu; aliingia kwa mafunzo, akapewa dawa, nyimbo na miiko. Waya hauna mwiko. Hauchagui dume wala jike, mwenye mimba wala mwenye kunyonyesha. Humkamata hata yule asiyetafutwa, naye huoza pale mtegaji asiporudi. Anayeuita huo urithi huwatukana marehemu.

Wala si kweli kwamba kuhifadhi kulikuja kwa meli. Msukuma alikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa mvua zinyeshapo, yakafunguliwa ukame ukizidi. Nchi ilipokaribia kuwa jangwa, mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ulirudi kwenye ngitili hizo hizo, na zaidi ya hekta 300,000 zikapata miti tena. Hiyo ndiyo asili. Asiyetaka kuiacha na aanzie hapo.

Basi kijana afanye nini? Afanye maandalizi ya kweli. Alinionyesha kitabu cha kigeni kifundishacho kuwinda kulungu wa Ulaya na Marekani katika jangwa la Arizona. Nikamwambia kwamba mnyama huyo hayupo kwetu. Katika Afrika nzima mwenyeji wa jamii yake ni mmoja tu, naye yuko kaskazini, Algeria na Tunisia. Pembe zake zina matawi nazo huanguka kila mwaka; za swala hazianguki. Watafsiri wa Biblia walilijua jambo hili, wakamwita ayala, wasimchanganye na paa. Wanafunzi wetu leo huandika hadithi za paa mwenye pembe za matawi, nasi twawapa alama.

Kosa hilo lina gharama. Kitabu chasema, keti karibu na maji usubiri. Lakini swala granti aweza kukaa siku nyingi pasipo kunywa, akiridhika na umajimaji wa majani. Huku kwetu wakati wa kiangazi wanaofika majini ni wachungaji na ng'ombe wao. Risasi ya mgeni wa kitabu itampata mtoto wa jirani.

Kwa hiyo nilimwambia: tafuta kwanza kibali, na bunduki yenye leseni, na mzee ajuaye nyayo na upepo. Jua mpaka wa Pori la Akiba la Maswa ulipo kabla ya kujua swala alipo. Chukua maji ya kwenda na ya kurudi. Achana na usiku, achana na waya. Ukikosa kimojawapo, usiende.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: "Na kama kibali ni cha wenye fedha tu, Mwalimu?" Sikuwa na jawabu la kumridhisha, nami sitaki kujisingizia kuwa nalo. Swali hilo nawapelekea watunga sheria. Mlango ulio mwembamba mno kwa mwenyeji humfundisha kupita dirishani. Upanueni kwa haki, mkalifute na lile neno nyara, ndipo mtakuwa na sauti ya kumwambia kijana wa Bariadi kwamba waya ni wizi. Leo mkimwambia hivyo atawauliza ni nani aliyeanza kuteka.