Gari la Kifahari Lililozeeka, Bei Yake Hasa Ni Ipi?



Wiki iliyopita biharusi mmoja alikuja kupimwa shela hapa kwetu Kunduchi, akatuonyesha kwenye simu gari ambalo mchumba wake anataka kulinunua kabla ya ndoa. Range Rover nyeusi ya 2006, viti vya ngozi, milioni 24. "Si bei nzuri, dada zangu?" Tukatazamana, tukacheka. Kisha tukanyamaza, maana yalishatukuta.

Sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za harusi. Tulipoanza kupata wateja wa Masaki tuliona aibu kufika na bajaji. Tukanunua gari la Ulaya (jina la kampuni tuliache) lenye miaka 15, kwa milioni 19. Lilikuwa zuri, wallahi. Tukipita nalo, hata wasiotujua walikuwa wanatusalimia.

Mwezi wa nne, Jumamosi moja baada ya Alfajiri, tukalikuta limelala upande mmoja, tumbo karibu na mchanga. Magari mengi ya aina hii hayakai juu ya springi za chuma. Yanakaa juu ya mabegi ya mpira yenye hewa, na kompresa ndiyo inayoyajaza. Mpira ukizeeka hewa inavuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka nayo inaungua. Na shela la watu lilikuwa linasubiriwa kabla ya saa nne! Tulirudi kwenye bajaji ile ile tuliyoionea aibu, shela tumelipakata, tumelifunika kanga mbili.

Fundi wetu wa mtaani, bingwa wa Toyota, alitikisa kichwa tu. Tukatafuta mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Begi la mtumba lilidumu wiki sita. Baadaye gia boksi. Ndani ya miezi minane milioni 7 zilikwenda, pamoja na akiba ya cherehani ya kudarizi. Tuliliuza milioni 11.

Jambo ambalo hatukulijua ni hili: gari likizeeka bei yake inashuka, lakini spea zake hazishuki nalo. Begi la hewa haliulizi ulilinunua kwa shilingi ngapi. Ndiyo maana Land Cruiser kuukuu bado ni ghali, kwa sababu spea na mafundi wake wapo kila mahali. Na kuagiza Japan hakukuponyi: TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari la abiria lililozidi miaka 10, juu ya kodi nyingine zote. Mafuta hatuyataji, foleni ya Barabara ya Bagamoyo mnaijua.

Aliyetuuzia alikuwa anajua. Dini yetu inamtaka muuzaji aeleze kasoro ya bidhaa yake, na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ana haki ya kurudisha. Haki tulikuwa nayo, ila simu yake haikupatikana tena.

Hatusemi kupenda kizuri ni dhambi. Mchumba mwenye nusu ya bei nyingine pembeni, kwa ajili ya matengenezo tu, na fundi anayelijua gari hilo hasa, alinunue, Mungu ambariki. Lakini kama pesa hiyo ni ya kodi ya nyumba mtakayoanzia maisha, au anakuomba mahari yako "kwa muda", kataa, mpenzi. Gari la siku ya harusi linakodiwa.

Tulimwambia biharusi wetu: mchumba aende asubuhi mapema, alikute gari limelala usiku kucha bila kuwashwa, aangalie limekaa vipi.

Alhamisi alirudi kujaribu shela. Mchumba alikwenda saa kumi na mbili na nusu. Mwenye gari alikuwa amemtangulia, boneti lilikuwa la moto.