Mpelelezi, Jasusi au Mnyang'anyi?

Mfasiri wa Kiswahili anayeshughulikia historia ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) aghalabu hulitumia neno mpelelezi kwa kila askari aliyepanda farasi akalitangulia jeshi kuu. Kosa hili huonekana dogo. Hata hivyo, katika vita hivyo jina ndilo lililoamua nani afungwe na nani anyongwe.

Aprili 1862, bunge la majimbo ya Kusini lilipitisha sheria ya kuruhusu vikosi huru vya wapanda farasi. Wapiganaji wake walipata mshahara kama askari wengine, na juu ya hayo serikali iliwalipa thamani kamili ya silaha walizoteka. Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi walivikimbilia! Jenerali Lee alichoshwa na utovu wa nidhamu wa vingi kati ya vikosi hivyo, na sheria ikafutwa Februari 1864. Kikosi cha John Mosby, kaskazini mwa Virginia, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyosazwa. Mosby huyu ndiye aliyepenya usiku hadi Fairfax Court House, Machi 1863, akamteka Jenerali Stoughton kitandani.

Kaskazini nao hawakulala. Kapteni Richard Blazer alipewa watu 100 wenye bunduki za Spencer, za risasi saba, amsake Mosby. Novemba 1864 kikosi chake kilivunjwa, naye akatekwa. Walikuwapo pia Jessie Scouts, waliojipenyeza wakiwa wamevaa sare za adui.

Kanuni za vita alizoziandika Francis Lieber mwaka 1863 kwa jeshi la Kaskazini ziliwatenga watu hawa waziwazi. Kifungu cha 81 kilimpa mpiganaji wa kikosi huru, mwenye sare, haki zote za mateka wa vita. Cha 82 kilimhesabu asiye na idhini ya jeshi kuwa mnyang'anyi. Cha 83 kilimhukumu kifo askari wa doria aliyejibadilisha mavazi, kwa kuwa alikuwa jasusi.

Mtu atadai kwamba hayo yalikuwa ya karatasini tu. Kweli, Septemba 1864 watu sita wa Mosby waliuawa Front Royal baada ya kutekwa, na Novemba Mosby akalipiza kwa mateka waliopigiwa kura. Lakini alimwandikia Jenerali Sheridan akitaka watu wake watendewe kama mateka wa vita. Alichokipigania katika barua hiyo ni jina!

Kiswahili hakikosi msamiati. Doria, jasusi, mnyang'anyi na kikosi huru yanatosha, mradi kila neno likae mahali pake. Mpelelezi aachiwe polisi na jinai zake. Mgambo nalo, lenye maana yake Tanzania, lisiazimwe ovyo.

Wanaosumbua zaidi ni Loudoun Rangers, wenyeji wa Virginia waliounda kikosi huru mwaka 1862 kuitetea Kaskazini. Kwa majirani zao walikuwa wahaini. Kwa Washington, askari waaminifu. Watu wa Mosby waliivamia kambi yao na kuwateka wengi Aprili 1865, siku chache kabla ya Lee kusalimu amri. Mfasiri atakayewaita waasi atakuwa amekwisha kuchagua upande.