Upasuaji wa Glakoma Usiishie Mlangoni mwa Hospitali

Mwananchi wa Ukerewe, Ukara au Irugwa anapovuka ziwa kwenda Mwanza kupasuliwa macho, jamaa zake humsindikiza wakiwa na tumaini moja: kwamba atarudi akiona. Kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho, tumaini hilo mara nyingi hutimia. Kwa mgonjwa wa glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, mambo sivyo yalivyo. Ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi.

Glakoma huua mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, na sehemu iliyokwisha kufa haifufuki. Upasuaji wake unaotumika sana, ulioenezwa na daktari Cairns wa Uingereza tangu mwaka 1968, hufungua njia ndogo ya kupitishia maji ya jicho ili presha ishuke. Upasuaji huo hulinda nuru iliyobaki, haurudishi iliyopotea. Kwa hiyo mafanikio yake hayapimwi siku ya kufunguliwa bandeji, bali baada ya miaka mitano au kumi.

Katika miaka hiyo mengi huweza kutokea. Njia ile huweza kuzibwa na kovu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu sisi Waafrika, ijapokuwa zipo dawa za kuipunguza wakati wa upasuaji. Presha hupanda tena bila maumivu yoyote. Hata vijidudu huweza kupenya katika jicho lililopasuliwa miaka mingi nyuma; ndiyo maana jicho la namna hiyo likiwa jekundu, likiuma au likitoa usaha, mgonjwa afikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba macho ambayo presha yake ilikutwa chini ya milimita 18 za zebaki kila yalipopimwa, kwa wastani hayakupoteza nuru zaidi kwa miaka sita. Msomaji ayatafakari maneno hayo: kila yalipopimwa. Jicho lisilopimwa halina mlinzi.

Wala tatizo hili si la watu wachache. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka huo huo wa 2000, uliwakuta na glakoma watu wapatao wanne katika kila mia wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Hatuwalaumu wapasuaji. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imewahudumia watu wa Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya nusu karne. Wala hatumlaumu mvuvi ambaye, kwa kuwa jicho haliumi, haoni sababu ya kuacha nyavu zake na kulipa nauli kwa ajili ya kipimo cha dakika chache. Kilichopungua ni mpango wa kuwaunganisha hawa wawili.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya wa mkoa na wilaya wahakikishe mambo matatu. Kwanza, kila mkazi wa visiwani aliyepasuliwa glakoma aandikwe katika daftari litakalotunzwa Nansio, na asipofika siku yake atafutwe. Pili, kipimo cha presha ya macho, pamoja na mtu aliyefunzwa kukitumia, vifikishwe katika visiwa vidogo kwa siku zinazojulikana. Tatu, mgonjwa na jamaa zake waelezwe kabla ya upasuaji nini cha kutumaini na nini cha kutotumaini.

Nanyi wananchi wa visiwani, timizeni ahadi zenu kwa daktari hata kama jicho haliumi. Ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, kwani ugonjwa huu hufuata ukoo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika glakoma, ukuta ukisha kuanguka haujengwi tena.